Mtandao wa Kuazima

Koplo Tluway alisimama hatua kumi kabla ya jiwe, akakataa kuendelea.

Hakukataa kwa mdomo. Mzee huyu alikuwa na miaka thelathini kazini, na alijua namna ya kugomea amri bila kuonekana amegoma. Aliinama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alipoimaliza akahamia mguu wa pili. Mkaguzi Msaidizi Fausta alimsubiri, mikono mifukoni, ukungu wa Endagikot ukimlowesha nywele.

"Mzee Tluway, wewe ndio umefika?"

"Nimefika, afande. Ukiniita nitasikia."

"Hata kwa kazi ya serikali?"

"Serikali mimi naiheshimu," koplo alisema. "Lakini serikali hailali kwangu. Mimi nalala kwangu, na wajukuu wangu wanalala kwangu."

Fausta hakumlazimisha. Yeye ni mtu wa Mogitu, kule chini Hanang, na kule chini nako kuna mambo ambayo askari wa Mbulu angeyacheka. Njiani Tluway alikuwa amemweleza, kwa sauti ya chini, kana kwamba abiria wa nyuma wangesikia, na gari lilikuwa tupu. Mume wa Mama Mary, mwenye nyumba iliyo nyuma ya jiwe, Sebastiani, alipigwa radi shambani mwezi wa kumi na mbili. Wazee wakasema mjane akae peke yake mwaka mzima. Asiingie nyumba ya mtu, asichote maji wanapochota wengine, asipeane kitu na mtu mkono kwa mkono. Sisi tunaita meeta, Tluway alisema. Padri amehubiri mara tatu kwamba hayo yameshapitwa na wakati. Kwaya nzima iliitikia amina, kisha ikarudi nyumbani kwa njia ya juu, isipite kwa Mama Mary.

Jiwe lenyewe lilikuwa bapa, limekaa kwenye uwazi wa ua wa minyaa. Hapo ndipo majirani walipoweka chumvi, sabuni na kiberiti. Mtu anaweka, anaondoka, mama anatoka kuchukua. Na kwa mujibu wa maelezo ya Alfredi, mtuhumiwa wao, hapo ndipo alipokuwa yeye siku ya Jumatano, saa ile Bura Akonaay alipokufa.

Bura alikutwa chini ya korongo, upande wa kata ya Daudi, dakika arobaini kwa miguu kutoka hapa. Watu walisema ameteleza. Daktari alisema kichwa kimepigwa mara mbili, na mtu haangukii kisogo mara mbili. Ijumaa ya wiki hiyo Bura alikuwa atoe ushahidi kwenye baraza la kata, kuhusu mpaka wa shamba kati ya Alfredi na kaka yake. Yeye ndiye mzee pekee aliyebaki wa waliokuwepo alama zilipowekwa. Alfredi alikamatwa Alhamisi, na leo ni Jumapili. Kesho asubuhi mkuu wa kituo alitaka jibu moja: apelekwe mahakamani au aachiwe.

Na kila kitu kilisema aachiwe. Karatasi za kampuni ya simu zilionyesha kwamba alasiri yote ya Jumatano simu yake ilikuwa kwenye mnara wa Endagikot, wala haikusogea. Bura alimpigia mara tatu, zote hazikupokelewa. Alfredi alipoulizwa kwa nini hakupokea, alitoa jibu ambalo Fausta aliliandika kwenye daftari neno kwa neno, kwa sababu lilimgusa:

*Nilikuwa jiweni kwa Mama Mary nimemwashia hotspoti. Mtoto wake ni kiziwi, yuko Iringa, wanaongea kwa mikono kwenye kishikwambi. Kishikwambi hakina laini, kinatumia simu yangu. Ningepokea ningewakatia.*

Fausta alitamani liwe kweli. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu Mbulu, anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na tangu ahamie hakuna aliyewahi kumwashia chochote.

"Hodi, mama," aliita. "Shikamoo."

Mlango wa nyumba ya tofali ukafunguka, akatoka Mama Mary, jina lake Efrazia, mwanamke wa miaka sitini hivi, mgolole mabegani, akasimama kwenye kizingiti.

"Marahaba. Wewe si wa huku."

"Mimi ni polisi, mama. Naitwa Fausta. Natoka Mogitu."

"Mogitu ni mbali." Mama Efrazia alimwangalia kuanzia buti mpaka kofia. Alimwangalia sana, kama mtu anayekunywa. "Usivuke jiwe. Si kwa ubaya."

"Sitavuka."

"Alfredi yuko wapi? Siku nne hajaja."

Fausta alikuwa amepanga kuanza na maswali yake, sasa ameanzwa yeye. "Yuko kituoni," alisema. "Bura Akonaay amekufa, mama. Hukusikia?"

"Nani angeniambia?"

Alijibu bila uchungu, na Fausta akaona haya kwa kuuliza. Alimweleza kwa kifupi. Mama Efrazia alisikiliza, akaketi taratibu kwenye kigoda cha mlangoni.

"Alfredi anasema Jumatano alasiri alikuwa hapa," Fausta alisema. "Nataka kujua kama ni kweli. Ikiwa ni kweli, kesho analala kwake."

"Ni kweli."

"Alifika saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu, kama siku zote. Tangu mwezi wa nne, karibu kila siku."

"Na ulimwona?"

"Huwa simtazami. Anaweka simu juu ya jiwe, anakaa huko chini ya ua, upande wa nje. Mimi natoka na kioo changu nakaa hapa." Kishikwambi alikiita kioo. "Namsikia tu. Huwa anachonga mipini ya jembe akinisubiri."

Fausta alipiga hatua tatu kufuata ua. Kweli, mahali pale majani yalikuwa yamelala na vipande vya mbao vilikuwa vimetapakaa, vingine vyeupe, vingine vimeanza kuwa vyeusi kwa mvua.

"Jumatano alichonga?"

"Alichonga," alisema mama. Lilitoka haraka kuliko majibu yake mengine.

"Naomba unionyeshe kioo chako. Uweke jiweni, mimi nitakiangalia halafu nitakirudisha."

Mama Efrazia alikileta kimefungwa kwenye kanga, akakiweka, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Ndipo Fausta akasogea. Kilikuwa kizee, kona moja imepasuka, lakini kioo chenyewe kilifutwa kikang'aa. Alifungua orodha ya simu za video. Jina lilikuwa moja tu, kutoka juu hadi chini: Mary, Mary, Mary. Ya mwisho ilikuwa ya Jumatano.

Hapo alikunja uso. Jumatano hawakuongea mara moja, waliongea mara nne. Ya kwanza ilikatika saa kumi na dakika sita, ya pili kumi na kumi na moja, ya tatu kumi na kumi na tisa. Ya nne ndiyo iliyodumu nusu saa bila matatizo.

Alitoa karatasi za kampuni ya simu kwenye koti, akaziweka kando ya kishikwambi. Bura alimpigia Alfredi saa kumi na dakika sita, kumi na kumi na moja, na kumi na kumi na tisa.

"Mzee Tluway," aliita bila kugeuka. "Simu ilikuwa hapa. Haina ubishi. Kila Bura alipopiga, video hii ilikatika."

"Basi kijana ni msafi, afande," Tluway alijibu kutoka kwenye hatua zake kumi, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Tumwachie, twende tukanywe chai."

Mama Efrazia naye alisikia. Alifunika uso kwa ncha ya mgolole, mabega yakamshuka. Fausta alikuwa ameshaanza kukunja karatasi. Kazi ilikuwa imeisha vizuri, jambo ambalo halitokei mara nyingi, na chai aliitaka.

Akaikunjua tena.

*Ningepokea ningewakatia*, ndivyo Alfredi alivyosema. Hakupokea, na bado ilikatika, tena mara tatu.

"Mama, nataka tujaribu kitu. Mary anaweza kupokea saa hizi?"

Mwanamke alisimama haraka kuliko umri wake. "Jumapili hashoni. Yupo."

Fausta aliwasha hotspoti kwenye simu yake mwenyewe, akaandika namba ya siri kwenye kishikwambi, akaacha simu juu ya jiwe na kurudi nyuma. Mama akaja, akachukua kioo chake, akapiga. Baada ya muda uso wa msichana ulitokea, kichwa kimefungwa kitambaa cha njano, na nyuma yake cherehani. Mikono ikaanza mara moja, miwili hapa, miwili kule Iringa. Fausta hakuelewa hata ishara moja. Alielewa tu kwamba watu hawa walikuwa hawajaonana siku nne.

Alimpungia Tluway. Koplo akampigia.

Simu ikaita juu ya jiwe. Mtandao wa milimani ni mmoja na njia yake ni nyembamba, simu ya sauti ikiingia data inasubiri pembeni. Mikono ya Mary iliganda hewani, vidole vimetanuka. Fausta aliruka, akabonyeza kukata. Ikapita pumzi moja, mbili, mikono ikaendelea pale ilipoachia.

"Piga tena," alimwambia Tluway. Safari hii hakuigusa. Simu iliita mpaka ikachoka yenyewe. Mary aliganda, kioo kikawa cheusi, na simu ya video ikakatika.

Mama Efrazia aliangalia kioo cheusi, kisha akamwangalia Fausta. Alikuwa ameelewa kabla ya koplo.

"Siku nyingine," Fausta aliuliza taratibu, "mtu akimpigia Alfredi wakati wewe unaongea na Mary, inakuwaje?"

"Sijui."

"Unajua, mama. Ni miezi mitatu."

"Mwanangu, mimi hapa nina mtu mmoja." Mama hakupandisha sauti. "Miezi saba. Watoto wakipita wanakimbia. Shemeji yangu anaweka unga jiweni usiku, nisimwone. Alfredi ndiye alikuja mchana akasema, Mama Mary, wamekukataza maji na moto, mtandao hawakuutaja. Nilicheka. Nilikuwa nimesahau kucheka kukoje. Sasa unataka niseme nini?"

"Nataka useme ilivyokuwa."

"Nikisema, wazee watajua nilikuwa naongea na mtu jiweni. Wataifuta miezi saba yote, naanza mwanzo. Na yeye anafungwa. Mimi nabaki na nini?"

Fausta alijua uongo wa kipolisi wa aina tano wa kuambia mashahidi, na aliona aibu kuutumia wowote hapa. Alivua kofia.

"Bura alikuwa na mke," alisema mwishowe. "Naye tangu Alhamisi amekaa peke yake."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la bati. Mbali, upande wa njia ya juu, sauti za watu waliotoka kanisani zilipita, zikafifia. Mama Efrazia alizisikiliza mpaka mwisho.

"Siku nyingine hukata," alisema. "Ikiita mara moja tu, anakata. Anasema, endeleeni, nimemnyamazisha."

"Na Jumatano?"

"Jumatano iliita mpaka mwisho. Mara ya kwanza nikasema labda amesinzia. Ya pili nikaita: Alfredi, simu yako. Hakuitika. Ya tatu nilisimama, nikasogea mpaka hapo ulipo. Ilikuwa inawaka, inatikisika juu ya jiwe. Ningenyoosha mkono ningeifikia." Aliangalia mkono wake. "Sikuigusa. Mkosi wangu ungemshika yeye. Nilimhurumia."

"Alichonga?"

"Hakuchonga. Nilikudanganya."

Fausta aliandika. Bura alikuwa ameitwa korongoni, labda kuangalia alama ya mpaka kabla ya baraza. Alifika mapema, akangoja, akampigia aliyemwita, mara moja, mbili, tatu. Baada ya saa kumi na dakika kumi na tisa hakupiga tena. Hakuhitaji kupiga. Alikuwa amemwona anakuja.

Na simu ilikaa hapa peke yake saa nzima na zaidi, salama kuliko ikiwa benki. Nani angeigusa juu ya jiwe la Mama Mary? Alfredi alipiga hesabu hiyo vizuri. Alisahau tu kwamba mtu asiyeruhusiwa kugusa anaruhusiwa kusikia.

"Alirudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja ilishapita. Nilishamaliza na Mary. Alikuwa anahema." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Fausta afike, uso wa mama ukalainika, ukawa karibu na tabasamu. "Ila siku hiyo alinifanyia jambo kubwa. Hilo nalo uandike. Kwamba alikuwa mwema."

"Jambo gani?"

"Alinawa."

Kalamu ya Fausta ilisimama.

"Ndoo yangu ya maji huwa iko pale, upande wangu wa jiwe. Hakuna anayeigusa. Ng'ombe wa mtu akinywa hapo, mwenyewe anamchapa. Alfredi aliinama, akaingiza mikono yote miwili, akanawa, na uso akanawa. Maji yangu. Tangu Sebastiani afe hakuna mtu aliyegusa maji yangu." Alikaza mgolole mabegani. "Nililia nilipoingia ndani. Nilikuwa namsubiri arudi kesho yake aniwashie nimwambie Mary. Ndio hakuja. Mpaka leo sijamwambia."

Nyuma, Tluway alikuwa ameacha kujishughulisha na viatu. Fausta alimsikia akivuta pumzi. Nyumbani kwa Alfredi walipekua kila kitu, nguo, panga, beseni la kunawia, wasipate doa. Na muda wote palikuwa na maji ya aina moja tu Endagikot nzima ambayo hakuna mtu angeyasogelea.

"Mama," Fausta alisema, akichagua kila neno. "Maji yale uliyamwaga?"

"Ningeyamwagaje? Nimeyafunika na ungo." Alionyesha kwa kidevu. "Nachota ya mvua pipani. Yale nimeyaacha."

Ndoo ilikuwa pale, ya plastiki, ya bluu. Fausta aliinama juu ya jiwe bila kuvuka, akanyoosha mkono, akainua ungo kwa ncha ya kalamu. Maji yalikuwa yametulia siku nne. Juu yalikuwa safi. Chini, kuzunguka kitako cha ndoo, palikuwa na tope la rangi ya kutu, na kwenye ukingo wa ndani, alama ya vidole vinne, imekauka, nyeusi.

Akaifunika tena. Alikaa amechuchumaa hapo kwa muda, kwa sababu akisimama ingebidi amwangalie mama usoni.

"Ni damu?" mama aliuliza.

"Maabara ndiyo itasema."

"Nimekuuliza wewe."

"Ndiyo, mama. Nadhani ni damu."

Mama Efrazia hakulia. Alirudi akaketi kwenye kigoda, akapanga mgolole magotini, akaupanga tena. Fausta alitamani avuke jiwe, hatua nne tu, amshike bega. Asingepata mkosi wowote yeye. Angeondoka na gari. Mkosi angemwachia mwenye nyumba, wa kuanza kuhesabu upya.

"Lazima nichukue ndoo," alisema. "Na kioo. Ni vielelezo. Nitakuandikia hati, na kesi ikiisha vitarudi."

"Kesi huchukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa umbali wa safari. Hakubisha. Alianza kukifunga kioo kwenye kanga.

Kikawaka mikononi mwake. Simu ya Fausta ilikuwa bado iko jiweni, hotspoti haijazimwa, na kule Iringa Mary alikuwa amechoka kusubiri, akapiga mwenyewe.

Mama alimtazama Fausta.

"Pokea," Fausta alisema. Akamgeukia Tluway. "Mzee, zima simu yako kabisa. Asipige mtu."

Alirudi nyuma, akakaa chini ya ua mahali pale majani yalipolala, kati ya vipande vya mbao. Kupitia uwazi wa minyaa aliona mikono ya mama ikipanda na kushuka. Hapakuwa na sauti. Simu yake ilikaa juu ya jiwe, ikimmaliza data, na mara moja tu ilipoita, namba ya mkuu wa kituo, Fausta aliinuka, akakata kabla mlio haujaisha, akakaa tena. Waliongea robo saa. Kuelekea mwisho Mary aliweka kiganja bapa juu ya kichwa, mara mbili, kisha akafungua mikono kuuliza. Hata Fausta aliitambua hiyo. Alfredi alikamatwa na kofia yake ya pama, na hata selo aligoma kuivua.

Mama akajibu, kwa muda mrefu, mikono yake ikisuguana taratibu mbele ya kioo, juu ya maji yasiyokuwepo. Kule Iringa msichana aliweka mkono mdomoni, macho yakamjaa furaha.

Kioo kilipozimwa, mama alikifunga kwenye kanga, akakiweka jiweni na kurudi mlangoni. Fausta alivaa glavu.

"Alimuulizia Alfredi?"

"Ndiyo."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia alikuja, akanawa maji yangu," alisema Mama Efrazia. "Mengine atayasikia kwa watu."

Fausta aliinua ndoo kwa mikono miwili, akaanza kushuka nayo taratibu ili maji yasimwagike. Tluway alifungua mlango wa nyuma wa gari mapema, akasogea pembeni kumpisha.